Twiga wa Lambwe na Baruti Iliyolowa

Tik.

Hivyo tu, marafiki zangu. Tik, kama kiberiti kilichokaa karibu na mtungi wa maji. Mpaka leo komeo la mlango wetu likilia hivyo moyo wangu unaruka. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi, tumbo limelowa. Mbele yangu Daktari ameshika bunduki yake ya sindano, na mbele ya Daktari, mbali kidogo, amesimama twiga mwenye waya mguuni. Tulingoja mlio tukapata tik. Twiga akageuza shingo akatutazama kwa upole, kama mtu aliyesikia mgeni akibisha kwa jirani.

Mmekuwa mkiniuliza, kisimani na baada ya kwaya, ilikuwaje nikaondoka hapa nikiwa mpishi wa chai nikarudi na viganja vilivyochubuka. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu namwambia mwanzo, yule namwambia katikati. Basi nimekaa chini nikaandika yote.

Ntimaru: Niliitika kabla ya kusikia swali

Mnawakumbuka wale watu wa wanyamapori waliopiga hema karibu na shule, waliokuja kwa ajili ya ndovu. Ndovu wenyewe walionja mahindi yetu, wakaona hayana maana, wakarudi zao. Mimi nilikuwa nawapikia wale watu na kuwaonyesha vijia. Walikuwa watatu. Daktari Zuhura ni daktari wa wanyama, mzaliwa wa Mombasa, mwembamba kama fimbo, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka mimi naona aibu kufungua mdomo. Sajini Marwa ni Mkuria mwenzetu kutoka Kehancha, na ndiye mwenye bunduki ya risasi za kweli. Wa tatu ni Odhiambo dereva, Odhis kwa wote, ambaye akinyamaza ujue amelala.

Asubuhi moja simu ya Daktari ikalia. Kule bonde la Lambwe, Homa Bay, mvua ilikuwa imebeba kipande cha ua wa mbuga. Twiga dume kijana ametoka, yuko vichakani katikati ya mashamba ya watu, anaburuta mguu wa nyuma. Mtego wa waya umemshika juu ya kwato na umeingia nyamani.

"Tutahitaji mikono ya kuvuta kamba," Daktari akasema. "Boke, je..."

"Ndiyo."

"Sijamaliza swali."

"Ndiyo, Daktari."

Sajini Marwa akacheka. "Mwache aje. Huyu amekua akivuta ndama. Twiga ni ndama aliyeongezwa shingo."

Lakini Daktari hakucheka. Alinipeleka kando ya gari akaniambia, "Nakuona unavyowatazama wanyama, kwa hivyo sikiliza. Nikishindwa kumlaza, au mguu ukiwa umeharibika, Sajini ndiye atakayemaliza kazi. Siwezi kumwacha afe polepole, fisi wanamla huku anaona. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa sijaelewa. Kichwani nilishajiona nimevaa sare ya kijani, twiga amenilalia begani ananishukuru.

Kehancha mpaka Migori: Sanduku la mikia myekundu

Hatukufika mbali. Pikipiki ya tumbaku ilikuwa imelala katikati ya barabara, majani yametapakaa, na mwenyewe anayaokota moja moja kama mtu anayeokota dhahabu. Huwezi kupita juu ya tumbaku ya mtu. Tukashuka wote tukaokota. Odhis akamwambia, "Ndugu, ungevuta nusu yake ungebeba mzigo mwepesi." Yule jamaa hakucheka mpaka tulipomfungia mzigo wote, ndipo akacheka peke yake.

Kisha tukakuta kizuizi cha polisi. Afande kijana alikagua bunduki ya Sajini, vibali sawa. Akakagua sanduku la Daktari, akakuta sindano kubwa zenye mikia ya manyoya mekundu.

"Hizi ni nini?"

"Mishale ya usingizi. Ya wanyama wakubwa."

"Na mtu ikimchoma?" Alikuwa ameshika mmoja.

"Huo mtupu. Ukiwa na dawa, mtu atalala vizuri sana," Daktari akasema. "Kuamka ndiko kutakakomshinda."

Afande akaurudisha kwa vidole viwili, akafunga kifuniko, akatupungia mkono kwa haraka kama tulikuwa tumembebea nyoka.

Kutoka pale ndipo niliposomeshwa bila ada. Mimi nilidhani risasi ni risasi, unaweka unapiga. Sajini akanionyesha mfuko wake wenye vifuko viwili. Huku zimo zenye pua laini, zinazofunguka zikiingia nyamani, za fisi au chui. Huku zimo ngumu za kwenda moja kwa moja, za nyati na kiboko, wenye mifupa kama mawe ya msingi.

"Basi si ubebe hizo ngumu tu?" nikauliza.

"Wote huuliza hivyo," akasema. "Penye nyasi ndefu na vijiti, risasi nyepesi ikigusa kijiti inapinda njia. Nzito inapita. Sawa. Lakini nzito hiyohiyo, kama nyuma ya mnyama kuna nyumba, itapita mnyama na kuendelea na safari mpaka jikoni kwa mtu. Kwa hivyo kabla ya kuchagua risasi, Boke, tazama kwanza nyuma ya mnyama."

Daktari naye akageuka kutoka kiti cha mbele. Mishale yake inasukumwa na vibaruti vidogo, vimepakwa rangi kuonyesha nguvu. Kijani ni cha karibu, njano cha wastani, nyekundu cha mbali. "Watu hufikiri nguvu nyingi ndiyo bora. Mpige mnyama wa karibu kwa nyekundu, mshale utazama mpaka mkia, au utavunja mfupa. Mpige wa mbali kwa kijani, utaanguka njiani. Na kila mahali pana upepo wake."

"Kwa twiga?"

"Nyekundu. Mahali pa wazi hakuruhusu usogee. Anakuona kabla hujamwona." Akapapasa mfuko wa koti lake. "Vya kijani nilivyonavyo hapa hata sitavihitaji."

Rongo: Dua ya twiga

Tulisimama Rongo kula. Odhis alituingiza kwenye hoteli ndogo ya mzee mmoja Mwislamu, na Daktari aliposema tu "Asalaam aleikum" mzee akaweka kitambaa begani akaja mwenyewe. Kumbe anatoka Kisauni, Mombasa. Hapo ndipo saa zilipokwenda. Walitafutana ukoo mtaa kwa mtaa, shangazi kwa shangazi, mpaka wakapata mtu mmoja aliyewahi kuwa jirani wa wote wawili, aliyekwisha kufa. Wakafurahi sana. Sisi tulikula mahamri na mbaazi mpaka Sajini akalegeza mkanda.

Mzee akauliza twendako. Odhis akasema, "Kuna twiga Lambwe, mguu umeoza, tunaenda na bunduki."

"Ah, twiga ni halali," mzee akasema kwa huruma. "Lakini msimpige ovyo. Nitawapa kisu kizuri, na huyo binti anipe namba yake, nije nichinje mwenyewe."

Nikarudisha hamri sahanini. Daktari akaona uso wangu. "Mzee wangu, tunakwenda kumtibu."

"Kumtibu? Twiga?"

"Twiga."

Mzee akatutazama mmoja mmoja kuona kama tunamcheza shere. Kisha akaweka birika chini, akainua mikono, akamwombea dua twiga palepale, katikati ya wateja. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Homa Bay: Samaki wa mama mkwe

Hapa ndipo mambo yalipoharibikia, na wakati huo sote tulikuwa tunafurahi.

Daktari na Sajini waliingia ofisi ya wanyamapori kuuliza twiga ameonekana wapi. Mimi nikakaa kivulini na sahani ya nyoyo, yaani mahindi na maharage. Odhis alikuwa anazunguka gari kama kuku anayetafuta pa kutaga. Ameoa Lambwe. Na kwao Waluo, mkwe hapiti karibu na kwa mama mkwe mikono mitupu. Akipita, wataimba habari zake mpaka matangani.

Akaenda ufuoni akarudi na samaki, mbuta mkubwa, mnene, bado anang'aa. Jua lilikuwa kali. Akafungua nyuma ya gari akakuta sanduku la barafu. Daktari alikuwa anaweka humo vibaruti vyake, kwa sababu haliingii vumbi wala joto la gari. Dawa zenyewe haziachi, hulala nazo. Odhis alichoona ni sanduku la barafu lisilo na barafu, na kwa mtu wa ziwa hiyo ni dhambi. Alipanga vipakiti vya Daktari vizuri kabisa pembeni, akamlaza samaki, akamfunika kwa barafu ya kupondwa, akafunga. Tukaondoka. Barabara ya Lambwe ina mashimo, na sisi tukiruka, barafu nayo inayeyuka taratibu nyuma yetu.

Kwa mama mkwe, Odhis alisimama mbali barabarani, akatuma samaki kwa mtu aliyekuwa akipita. Alirudi anatabasamu kama bwana harusi.

Lambwe: Mchana wa tik

Twiga tulimwona kabla ya kushuka garini. Alikuwa amesimama penye migunga, mguu wa nyuma wa kushoto ameuinua kidogo, ncha ya kwato tu inagusa chini. Alipopiga hatua uliburuta. Nilikuwa nimejiandaa kumpenda, sikuwa nimejiandaa kumwona akiumwa.

Tulitambaa. Daktari akapakia nyekundu. Akalenga, akapumua.

Tik.

Hakufungua bunduki. Alingoja ameielekeza ardhini, kwa sababu baruti iliyolowa yaweza kuchelewa na kulipuka baadaye. Akabadilisha. Safari hii ikalia puf, kama mtu anayepuliza jivu, na mshale ukaruka kidogo ukaangukia nyasini. Twiga akaondoka kwa kuchechemea.

"Mtu asiinue mguu," Daktari akasema. "Mshale ule una dawa."

Tulitafuta kwa macho na vijiti mpaka Sajini akauona. Daktari akavaa glavu akaufungia kwenye mkebe, ndipo tukapumua. Tukarudi kwenye gari. Akafungua sanduku la barafu, na harufu ikatoka kabla ya mkono wake kuingia. Akainua pakiti ya nyekundu, ikapasuka kwa kulowa. Njano vilevile. Akatoa kibaruti kimoja akakitazama kwenye mwanga.

"Odhis."

"Daktari."

"Hiki kina magamba."

Odhis alivua kofia akaishika kifuani, kama tuko makaburini. Daktari hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Aliketi kwenye bampa. Vingine viko Nairobi, akasema, na ule mguu hauna siku za Nairobi.

Nikamwona Sajini Marwa anafungua mfuko wake. Alitoa zenye pua laini, akazirudisha, akatoa ngumu, akatazama nyuma ya twiga. Kulikuwa na paa za mabati kule. Akaanza kutembea kando, kutafuta mahali ambapo nyuma patakuwa na mlima mtupu. Hakuwa na haraka, anachagua vizuri tu. Mimi nilijifanya nafunga kamba ya kiatu, machozi yakadondokea kiatuni.

"Sajini, ngoja," Daktari akasema.

Alikuwa ametoa vile vya kijani kutoka koti lake, vikavu. Lakini hakuwa anavitazama. Alikuwa anatazama migungani, ambapo kundi la ng'ombe lilikuwa limeingia linakula, na twiga amesimama katikati yao bila wasiwasi, kama jamaa yao mrefu.

"Haogopi ng'ombe," akasema. "Odhis, hawa ni wa nani?"

Odhis akafumba macho. "Ni wa mama mkwe."

Nyuma ya ng'ombe

Mama Akoth, mama yake mkewe Odhis, ni mama mnene mwenye sauti ya kupita juu ya upepo. Heshima ya mkwe haimruhusu Odhis kumwendea hivihivi na kuomba. Akasimama nyuma ya ua wa mnyonyo, akawa ananiambia mimi, na mimi namwambia mama, ilhali mama anasikia kila neno.

"Mwambie tunaomba tutembee nyuma ya ng'ombe wake," sauti ikatoka mnyonyoni.

"Mama, tunaomba..."

"Nimesikia mti ukisema," mama akajibu. "Uambie mti samaki tumempokea, ero kamano, asante. Ila ananuka baruti."

Mnyonyo ukatikisika.

"Na mkimwangusha mnyama wenu juu ya ng'ombe wangu?" Sasa hakuwa anatania. Daktari akajongea, akamweleza yote bila kuficha, pamoja na risasi ya Sajini. Mama akamtazama twiga. "Jana alikuja karibu na zizi," akasema. "Nilimsikia akiburuta. Sikulala. Haya, njooni."

Nilijitolea kuchunga mimi. Nani ananishinda kwa ng'ombe? Nikapiga mluzi wetu, ule wa kugeuza kundi, mzuri kabisa. Ng'ombe wakainua vichwa, wakanitazama, wakaendelea kula. Nikapiga tena. Mmoja akajilaza chini.

"Nyathina, mwanangu," mama akasema, "hawa hawajawahi kufika Kuria." Akanisukuma kando kwa nyonga, akawaita kwa majina yao, na kundi zima likaanza kutembea.

Basi tazameni mwendo ule. Mbele ng'ombe, katikati Mama Akoth na fimbo, anaongea nao kama anawapeleka sokoni, na nyuma ya ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja, Daktari wa Mombasa ameinama, bunduki ubavuni, viatu vimekanyaga kila kinyesi cha Lambwe. Sisi wa kamba tulifuata tumejikunja. Upepo ulitoka ziwani ukitupiga usoni, kwa hivyo twiga hakutunusa. Tukasogea, tukasogea tena. Nikaanza kuona kope zake.

Ng'ombe mwekundu akasimama. Daktari akaegemeza bunduki mgongoni kwake, taratibu.

Pa! Mlio mdogo, hata ng'ombe hakushtuka. Na pale pajani pa twiga, mkia mwekundu umesimama wima.

Shingoni

Kuanzia hapo yalikwenda mbio. Twiga akatembea, akaanza kuinua miguu juu kama anayevuka mto, na Daktari akapiga kelele, "Kamba! Sasa!" Tukamzunguka na kamba mbele ya kifua, vijana wa kijiji wameongezeka, tunavuta huku na huku. Hapo ndipo viganja vyangu vilipobaki. Alipoanguka ardhi ilitikisika, na nasema kweli, niliomba msamaha kwa sauti.

"Boke, shingoni! Kaa!"

Nikakaa. Nimekalia shingo ya twiga, marafiki zangu. Daktari alimchoma haraka dawa ya kumwamsha, maana twiga hawawezi kulala usingizi ule muda mrefu, wanakufa. Kwa hivyo yuko macho, kinachomzuia ni uzito wetu tu. Nikamfunika macho kwa leso yangu. Masikio ilibidi yazibwe asisikie kelele, na pamba ilikuwa imebaki garini.

"Soksi!" Daktari akaita.

Odhis akavua zake akanipa. "Maskini," nikamwambia twiga, "vumilia na hii pia."

Nilihisi mapigo chini ya mapaja yangu, mazito. Nyuma nikasikia koleo likikata waya, mara ya kwanza, mara ya pili. Daktari akasafisha, akapaka dawa, akachoma sindano. Sajini alikuwa amesimama pembeni na bunduki yake, zile ngumu ndani, mlima mtupu nyuma, ndiyo kazi yake.

"Mfupa?" akauliza.

"Mfupa mzima. Mshipa wa kisigino sijui." Daktari akafuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Kesho asubuhi tutamtafuta. Akikanyaga, ataishi. Kama bado anaburuta, Sajini..."

Tukamwachia. Nilitoa leso, nikachomoa soksi, nikaruka. Alijirusha mara mbili, akasimama, akayumba, akaingia kwenye magugu marefu. Miguu haikuonekana. Alikuwa anaburuta au anakanyaga, hakuna aliyejua.

Jioni Mama Akoth alitulisha ugali na mbuta yuleyule. Odhis alipelekewa chakula chake nyumba nyingine, kwa heshima, na tulimsikia akila kwa bidii. Mimi nilikula kidogo.

Asubuhi

Mvua ilipita alfajiri. Wengine walikuwa wanangoja chai ichemke, Sajini anafuta bunduki kwa kitambaa. Nikasema naenda kuchota maji. Nikaweka ndoo kando ya ua nikaenda migungani.

Pale tulipomvuta kwa kamba ardhi ilikuwa imevurugika, haisomeki. Nikafuata magugu yaliyolala. Alama za kwanza zilikuwa kwato tatu, na mguu wa nne mstari tu, mrefu, kama mtu ameburuta jembe. Nikaendelea. Mstari ukawa mfupi. Nikaendelea tena, mpaka penye kijito kidogo ambapo tope lilikuwa laini na safi. Alikuwa amesimama pale kunywa maji.

Kwato nne. Ule wa nyuma kushoto umezama chini sawasawa na wenzake, vidole vyote viwili, kisigino chote.

Nilichuchumaa pale. Kutoka kwa Mama Akoth nikasikia kengele za ng'ombe, wanafunguliwa, watakuja kunywa hapohapo. Nikaingia kijitoni, nikaokota mawe, nikayapanga kuizunguka ile alama moja, karibu karibu, ng'ombe asije akaikanyaga kabla Daktari hajafika.